Mgonjwa wa Ng'ambo ya Kilima

Magoti ya Nyati yalikaza hata kuinuka ikawa kazi, na Simba akaanza kumnyemelea. Swala, jirani yake kijana, akampangia mbio za kila alfajiri ili yalainike. Siku ya nne Nyati hakutoka.

"Mwanangu, nakimbia kwenda wapi?" akamwuliza Swala.

Wiki hiyo akasikia kwamba rafiki yake Kobe, wa ng'ambo ya kilima, anaumwa. Akawa anapanda kila asubuhi kumjulia hali, wanabishana mambo ya ujana wao, kisha anarudi akicheka peke yake.

Miezi miwili ikapita. Simba alikwishakata tamaa ya kumpata Nyati.

"Ndugu yangu, mbona huponi?" Nyati akauliza kwa huzuni.

"Nilipona siku ya tatu," Kobe akajibu. "Mgonjwa ni wewe."

Nyati akatazama magoti yake, akayakunja na kuyakunjua bila shida, akaondoka.

Kesho yake alfajiri akabisha hodi kwa Kobe. "Nimekuletea mgonjwa wako."