Kidole Juu ya Kitufe

Mekuria alikuwa mwana wa Desta, mwana wa Habtewold, watu walionakili vitabu vya kanisa mjini Gondar na kuheshimiwa kwa kutokosea hata herufi. Yeye aliandika programu za kompyuta. Ile iliyounganisha daftari la hospitali na la maabara ilimchukua miaka minne.

Asubuhi ile, ofisini Addis Ababa, binti aliyeajiriwa majuzi alijisajili kwenye jukwaa la kuunganisha mifumo, akapewa ufunguo wa siri, yaani mfuatano wa herufi unaofungua madaftari yote mawili, na kabla ya kikombe cha pili cha kahawa madaftari hayo mawili yalikuwa yakizungumza.

"Gashe, miaka minne yote ulikuwa unapika nini?" alimtania, akimwita kwa neno la heshima la Kiamhari kwa wanaume wazee. Vijana wakaangua kicheko.

Wivu ulimwingia Mekuria. Alisogea nyuma ya kiti cha binti, na hapo akauona: ufunguo ule, mzima, katikati ya msimbo wa programu ambao binti alikuwa karibu kuuweka hadharani mtandaoni ili wenzake wausifu. Yeyote ambaye angeusoma angefungua majalada ya wagonjwa wote.

Kidole cha binti, chenye doa la kahawa ukuchani, kilikuwa kimeshatua juu ya kitufe cha kuutuma.

Kunyamaza kungetosha kumwangusha binti. Kesho wote wangerudi kwake yeye, Mekuria, kuomba msaada. Mekuria aliuonja utamu wa wazo hilo kwa pumzi moja, kisha akaona haya, kana kwamba Desta na Habtewold walikuwa wakimtazama.

"Inua kidole, mwanangu," alisema. "Nanyi wengine, wekeni vikombe chini mje hapa. Leo mtanisikiliza."