Wimbo wa Tano

Leo albamu yetu ya muziki wa panki inatimiza miaka ishirini. Ukumbi mzima umeimba nasi nyimbo nne hadi sauti zimewakauka, na mpiga dramu, mtu asiye na subira, keshainua vijiti.

Wa tano ndio ule niliomtukania baba nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa jina lake na kwa kazi yake.

Naye huyo hapo mstari wa mbele, shati limenyooshwa pasi, masikio kayaziba kwa pamba. Nani kamwalika mzee huyu?

“Tuuruke wimbo huu?” mpiga gitaa ananinong'oneza.

Naziba maiki kwa kiganja. Nafungua mdomo niseme ndiyo.

Baba ananitazama. Anachomoa pamba ya sikio la kulia, halafu ya kushoto.