Meni Swichi ya Nestory

Mzee Mashimba alimvizia Sihaba, fundi sola, nyuma ya jiwe, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shikamoo mzee," Sihaba akashtuka, nusura aangushe mkoba wa vifaa.

"Marahaba binti. Huko kwa Nestory unakokwenda kupima, naomba spika zake uziache nje ya hesabu. Nakuomba kama mwanangu."

Nestory, jirani yake, alikuwa mpiga muziki wa harusi, na spika zake mbili, ndefu kama makabati, zilitazama chumba cha mzee. Mashimba alilinda kiwanda cha samaki usiku na kulala mchana, au tuseme alijaribu. Akianza tu kupitiwa na usingizi, spika zinalipuka. Akikurupuka kwenda dirishani kutukana, zinanyamaza. Jirani gani huyu, kama si mchawi? Hata Dorotea, mke wa mzee, alikuwa akishinda na pamba masikioni, maskini.

Afueni ilikuja umeme ulipokatika. Siku hizo mzee alilala fofofo, na majirani wote wakateremka mlima wa Igogo kwenda kupunga upepo ziwani. Sasa huyu mshenzi anafunga sola ili muziki usikatike kamwe! Na mzee alishakutwa mara mbili amesinzia getini. Ya tatu, kazi hana. Dorotea alikuwa bado hajaambiwa.

Sihaba aliingia, akapima, akatoka anacheka.

"Una bahati, mzee. Meni swichi yake ni kuukuu, haihimili inveta kubwa, ile mashine ya kugeuza umeme wa sola. Nitafunga ndogo: taa, friji na pampu ya maji, basi. Spika zitabaki kwenye umeme wa kawaida."

Mashimba nusura amkumbatie. Alikumbuka umri wake, akapiga makofi tu.

Alhamisi umeme ukakatika tangu asubuhi. Kwa Nestory friji iliendelea kuunguruma, spika kimya. Mzee akavua viatu, akajitupa kitandani na kulala kama hakimu aliyestaafu.

Alipoamka, jua lilikuwa limeinama. Uani kwa Nestory majirani walijaa, na Sihaba alikuwa ukutani aking'oa meni swichi ya zamani. Nyingine, mpya na kubwa, ilikuwa mezani kando ya inveta kubwa. Mzee akatoka mbio, shuka kiunoni.

"Binti! Si tulikubaliana?"

"Samahani mzee. Mtaa mzima umechanga leo hii hii. Wanasema siku nyingine kama ya leo hawaiwezi."

"Hawaiwezi nini? Leo si kulikuwa kimya?"

Majirani wakatazama chini. Nestory akajifanya anafuta vumbi kwenye spika. Dorotea, aliyesimama kati yao, akachomoa pamba, sikio moja, kisha la pili.

"Baba Pius," akamwambia mumewe kwa upole, "mimi ndiye niliyemwomba Nestory afungulie zile spika kila unapoanza kukoroma."