Mkono wa Msengi

Siku hizi sheria inamtaka fundi apimwe kwa kihisi cha mtetemo kilekile anachofunga kwenye mitambo mikongwe ya upepo. Akitetemeka kupita kiwango, hapandi mnara tena. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Nkinda hukivaa kihisi cha mumewe, Msengi, na kuketi kimya dakika kumi.

"Leo usicheke," Msengi alimwambia, chai ikimmwagikia magotini.

"Unayenichekesha ni wewe, Baba Tatu. Shika kikombe kwa mikono miwili."

Kihisi kililia. Bi Nkinda akasoma polepole maandishi ya kwenye skrini: "Mkono wa Msengi ndio imara kuliko yote kituoni. Leo atapanda mnara mrefu zaidi."

Msengi alitabasamu kwa fahari. Mkewe ndiye aliyemfunga mkanda wa kupandia, kwa kuwa vidole vyake mwenyewe vilishindwa.