Koti la Kijani

Yule mwanamke wa koti la kijani alikuwa mbele yake tena, amempa mgongo.

Mzee Anyelwisye akaubana mfuko wake kwapani. Tangu lango la kituo hadi chini kabisa ya ngazi za umeme, kila alipoinua macho aliliona lile koti na kile kitambaa cheusi cha kichwani. Mwanawe Jackson alikwisha kumwonya: wezi wa London hawana haraka, na wanavaa vizuri kuliko mchungaji.

"Huyu ananifuata," aliwaza, "ila anafuata kwa kutangulia."

Hata hivyo, shida yake kubwa siku hiyo haikuwa mwizi. Njia ya buluu ya treni za chini ya ardhi, aliyoizoea, ilikuwa imefungwa kwa kamba na tangazo, na karatasi ya maelekezo aliyoandikiwa na Jackson haikujua njia nyingine. Wiki iliyopita alikuwa amepotea, akarudishwa na polisi. Jackson alisema huku akitazama sakafu: "Baba, ukipotea mara ya pili nakupandisha ndege urudi Tukuyu. Siwezi kusoma huku nakutafuta." Na ubatizo wa mjukuu, Ambwene, mtoto mwenye kilio cha mwanambuzi, ulikuwa Jumapili ijayo.

Kushinda nyumbani hakuwezekani. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na jiko, na kwa Wanyakyusa wa rika lake baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Kanisa lilimwachisha Mzee pombe na mengine mengi, hilo halikumwachisha. Tusekile, mke wa Jackson, huweka chakula juu ya kigoda mlangoni, akagonga ukuta mara mbili, akatoweka. Mzee akimaliza hurudisha sahani kigodani, naye hugonga mara mbili. Mwezi mzima sasa, hajaona hata kisigino chake. Ndiyo maana kila asubuhi alitoka na Jackson, akashinda maktaba, akarudi jioni peke yake.

Aulize njia? Mtu aliyesoma Kiingereza miaka minne kwa taa ya kandili, masomo ya jioni pale Bulyaga, aulize njia kama mbuzi aliyekata kamba? Kipaza sauti juu ya kichwa chake kilikuwa kikieleza kitu, kwa Kiingereza pia, lakini si kile alichofundishwa.

Koti la kijani likakata kushoto, kuelekea njia ya njano. Mzee akasita. Kisha akajiambia kwamba hata yeye alikuwa akikusudia kushoto.

Katikati ya ujia, mwanamke akadondosha glovu. Mzee akaiokota, akamwita kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya mzee wa kanisa. Mwanamke hakugeuka. Alichomoka mbio, akajibanza nyuma ya nguzo, likabaki pindo la koti tu.

"Watu wa ajabu!" Mzee akanung'unika. "Unamwokotea mali yake, anakukimbia kama chui."

Akaitia glovu mfukoni mwa koti lake mwenyewe, koti la mitumba alilonunua soko la Tukuyu mwaka ule mitumba iliporuhusiwa, ambalo sasa, baada ya safari ndefu, lilikuwa limerudi kwao.

Treni ikaja. Wakaingia behewa moja, watu wamebanana kama ndizi kwenye mkungu. Mahali fulani mbele, mtoto mchanga akaanza kulia, kilio cha mwanambuzi.

Mzee Anyelwisye akachukua gazeti lililoachwa kitini, akalifunua lote, akajifunika uso. Mzungu mmoja akatabasamu: gazeti lilikuwa kichwa chini. Mzee hakuligeuza. Chini ya ukingo wake aliona viatu tu, vyeusi, vya kamba. Viatu viliposogea, naye akasogea. Viliposhuka, akashuka.

Nje manyunyu yalikuwa yakianguka, kama ya nyumbani. Ghafla hakuwa na haraka. Akasimama mbele ya tangazo la dawa ya meno, akalisoma mwanzo hadi mwisho, akalirudia. Ndipo akaenda kukaa kwenye ngazi za jengo, kama kawaida yake, kumsubiri Jackson.

Jackson alifika anahema. "Baba! Uko hapa? Njia ya buluu imefungwa tangu saa tisa! Nimekwenda maktaba hukuwepo, nimezunguka vituo vitatu..."

"Kwa hiyo aliyepotea ni wewe."

"Umefikaje?"

"Akili, mwanangu. Sisi wa masomo ya jioni tumezoea kutembea gizani."

"Peke yako?"

"Ulitaka niletwe na nani?"

Jackson akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Haya, Baba, umeshinda. Jumapili utampakata Ambwene mwenyewe kanisani. Habari ya ndege tuiache."

"Aliyeitaja nani? Si wewe?"

Walipoingia ndani, ukuta uligongwa mara mbili. Ndizi na maharage, moto. Mzee akala zote, polepole, akamwambia Jackson kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika kwamba leo zimepikwa na mtu mwenye akili.

Akairudisha sahani kigodani. Kando yake akalaza glovu, akageuza uso upande wa pili, akagonga ukuta mara mbili.