Fulana ya Tatu

Kila fainali ya futiboli ya Marekani, fulana za ubingwa huchapwa za timu zote mbili kabla mechi haijaisha. Za washindi huvaliwa kulekule. Za walioshindwa hushushwa mjini Tukuyu, na kwa sheria ya Tukuyu, hao walioshindwa ndio mabingwa. Wiki nzima mji hushangilia mbele ya kamera, mashabiki wao huko ng'ambo watazame, roho zipoe.

Mwaka huu marobota yaliingia asubuhi ileile mzee Anyosisye alipokata roho. Mjumbe wa mtaa alifika nyumbani kwake na fulana tatu.

"Poleni sana, jamani. Lakini kilio kisubiri Jumatatu. Kamera zimeshawashwa."

"Baba yangu yuko ndani hata hajaoshwa!" Sekela alimaka.

Mjumbe aliinamisha macho. "Ndiyo maana nimeleta tatu, dada."

Mjumbe alipoondoka, Sekela alimkuta mama yake ameshavaa ya kwake. Ya tatu alikuwa akiinyoosha kwa viganja, polepole, kama alivyomnyooshea mumewe shati la kanisani.

"Mama, vua hiyo."

"Mwanangu, si sisi ndio tunaowatunzia wale ushindi wao?"

"Ndiyo, mama."

"Basi uko mji unaotutunzia baba yako, mzima. Muwahi mjumbe, umuulize mji huo unaitwaje."

Sekela alijua hakuna mji wa namna hiyo. Hata hivyo alijikuta barabarani, katikati ya vigelegele, akimkimbilia mjumbe.