Bastola ya Mzee Ngwali

Mzee Ngwali aliiweka bastola yake ndogo juu ya meza ya fundi Tamima, na magazini ya risasi pembeni.

"Risasi zinakwama, mwanangu. Jana nilitaka kumpumzisha mbwa wangu, maana anateseka. Ikakwama. Akanitazama, kisha akanilamba mkono."

Tamima alizitoa risasi moja moja, nyembamba kama kokwa za tende, akaona kingo za vitako vyake zimepandana, moja ikiizuia nyingine. Springi ilikuwa imechoka na mdomo wa magazini umepinda. Akaweka springi mpya, akaunyoosha mdomo kwa koleo, polepole, kana kwamba mchana ule hauna mwisho. Nje mvua ilinyesha huku jua likiwaka. Alitamani kazi isiishe.

Ikaisha. Risasi zilipanda laini, kama pumzi ya mtoto aliyelala.

"Imepona, baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Ahsante, mwanangu."

Lakini mzee hakuigusa. Alitoka nje, akaketi kwenye mkokoteni alimomlaza mbwa wake, akampakata kichwa. Mvua ikawalowesha wote wawili, naye akaanza kumsimulia jambo ambalo Tamima, aliyesimama mlangoni, hakulisikia.